Uzi: Kutengeneza kitabu kwa mkono kwa karatasi zilizokwisha kutumika, na kwa nini usikimbilie kuzisaga

kurasa_safi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila zinapotajwa karatasi chakavu na kazi za mikono, ushauri huwa ni ule ule: zichane, zilowekwe, zisagwe, uanike karatasi mpya. Kazi hiyo naipenda na tutaifikia humu ndani. Lakini naanza na kauli ambayo najua baadhi yenu hamtaikubali: karatasi nyingi tunazosaga hazikustahili kusagwa.

Karatasi iliyochapwa upande mmoja bado ni karatasi nzima. Nyuzinyuzi zake ni ndefu, uso wake ulilainishwa kiwandani, na wino hausambai juu yake. Ukiisaga unazikatakata zile nyuzinyuzi, unatumia maji mengi, na mwisho unapata karatasi dhaifu kuliko ile uliyoanza nayo. Nyuzinyuzi za mti zikisharejelewa mara tano hadi saba hivi huwa fupi mno, haziwezi tena kushikana vizuri. Basi kila usagaji ni sehemu ya uhai wa karatasi inayotumika. Usagaji uwe wa mwisho, baada ya kukunja na kushona kushindikana.

Kazi inaanzia kwenye kuchambua. Mimi hutenga mafungu. La kwanza ni karatasi zenye upande mmoja safi, na hili ndilo hazina. La pili ni zilizoandikwa pande zote, bahasha zilizochanika, vipande vya kukatia kingo; hizi ndizo za kusaga. La tatu ni kadibodi, kuanzia maboksi mazito hadi yale membamba ya kufungia bidhaa, ambazo ni za majalada.

Kuna karatasi za kuangalia kwa makini. Magazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa kimitambo, kwa hiyo lignini, ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu, hubaki ndani, na ndiyo inayoyafanya yageuke manjano na kukauka yakipigwa na mwanga. Usiyatumie kwa kurasa unazotaka zidumu. Karatasi za majarida zinazong'aa zimepakwa udongo mweupe. Kuandikia hazifai, ila zinapendeza sana zikibandikwa upande wa ndani wa jalada. Risiti zile laini zinazochapwa kwa joto ziacheni kabisa, maana uso wake umepakwa kemikali, mara nyingi za jamii ya bisfenoli, na hazipaswi kuingia kwenye rojo (ule uji wa karatasi zilizosagwa) wala kushikwashikwa na watoto.

Na jambo moja la adabu: kabla ya kukunja karatasi yoyote ya ofisini, isome. Ikiwa na jina la mtu, namba zake au habari za ugonjwa wake, isiingie kwenye daftari utakalompa mtu mwingine. Hiyo chana vipande vidogo, peleka kwenye fungu la kusaga.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita, na ndilo linalotenganisha kitabu kinachofunguka kwa hiari na kile kinachoshindana nawe mkononi: mwelekeo wa nyuzinyuzi. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwenye mashine inayokwenda mbele bila kusimama, kwa hiyo nyuzinyuzi nyingi hulala kuelekea upande mmoja. Ikunje karatasi kufuata nyuzinyuzi, itakubali kwa upole na mkunjo utakuwa safi. Ikunje kinyume, itakataa, mkunjo utakuwa na mipasuko midogo, na ukurasa utasimama badala ya kulala. Kupima ni rahisi. Ipinde karatasi bila kuiminya, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, usikie upande upi una ubishi kidogo. Au ichane: ikifuata nyuzinyuzi huchanika karibu kwa mstari ulionyooka, ikienda kinyume hukatika ovyo.

Kanuni ni kwamba nyuzinyuzi ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Hapa ndipo karatasi ya A4 ya kawaida inapowachanganya watu. Nyingi zina nyuzinyuzi zinazofuata urefu. Ukiikunja katikati kupata daftari la A5, mkunjo unakwenda kinyume. Badala yake, ikate kwanza nusu upate vipande viwili vya A5, kisha kila kipande ukikunje katikati. Sasa una kurasa za A6 na mkunjo unafuata nyuzinyuzi. Daftari dogo la mfukoni, lakini linalala wazi mezani bila kulazimishwa. Ukiwa na A3, hesabu ni hiyo hiyo, nawe utapata A5 sahihi.

Haya, upande wenye maandishi tunaufanyaje? Jibu lilishapatikana Uchina zamani. Vitabu vyao vilichapwa upande mmoja tu wa karatasi nyembamba, kila karatasi ikakunjwa katikati ili upande mtupu ufichike ndani, na zile kingo mbili zilizo wazi zikashonwa mgongoni. Ushonaji wa namna hiyo kwa uzi ulienea sana zama za utawala wa Ming (1368 hadi 1644), ukatumika pia Japani na Korea. Sisi tunageuza tu: upande wenye maandishi ndio unaofichwa ndani. Mkunjo unakuwa upande wa kufungulia, kingo zilizo wazi zinakuwa mgongoni. Kila ukurasa unakuwa wa tabaka mbili na msomaji haoni ila weupe. Kila nikiitazama njia hii naona kama ilibuniwa kwa ajili ya mashine za kuchapa za ofisini.

Namna ya kushona mshono wa matundu manne:

Panga karatasi zako kingo zikae sawa, weka jalada juu na chini, bana kwa vibanio. Piga mstari wa penseli kama sentimita 1 hadi 1.5 kutoka ukingo wa mgongo. Juu ya mstari huo weka alama nne. Za mwisho ziwe mbali kidogo na juu na chini, za kati zigawe nafasi iliyobaki sawasawa. Toboa kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea), au msumari mwembamba na nyundo, juu ya kipande cha mbao. Uzi uwe na urefu wa mara tano au sita ya kimo cha kitabu. Uzi wa kitani ni bora. Wa pamba mnene unafaa. Mwembamba wa cherehani utakata karatasi, labda uukunje mara mbili. Vyovyote uwavyo, upitishe kwenye nta ya nyuki ili usijifunge mafundo na ushike mahali pake.

Ingilia katikati ya kurasa, utokee juu kwenye tundu la pili, mkia wa uzi ubaki umefichwa ndani. Zungusha mgongoni, rudi tundu lile lile. Nenda la tatu, zungusha. La nne, zungusha mgongoni kisha zungusha na upande wa chini wa kitabu. Sasa rudi ukijaza nafasi ulizoziruka, hadi la kwanza, ambalo nalo unalizungushia mgongoni na upande wa juu. Malizia ulipoanzia, funga na ule mkia, sukuma fundo lizame ndani ya tundu. Uzi ukazwe kwa kuvutwa sambamba na karatasi. Ukiuvuta kwa juu, tundu linachanika.

Karibuni kwa maswali, na walio na njia zao wazilete.

nyuzi_na_nta

Mkuu, uzi umeshiba. Nina maswali mawili. La kwanza, maandishi yakiwa mazito hayaonekani kwa kupenya? La pili, mshono huu unaubana mgongo, kitabu hakifunguki hadi mwisho. Anayetaka kuchorea je?

kurasa_safi

Yanaonekana kama karatasi ni nyembamba na ukurasa ulijaa wino. Dawa yake ni kuingiza kipande kingine ndani ya mkunjo, kama mfuko unavyowekewa kitu. Kipande hicho kinaweza kuwa karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, ikiwa tu maandishi yake si meusi sana. Kitabu kinanenepa, lakini kurasa zinakuwa imara hata kwa kalamu ya wino wa maji. Wengine huuacha ule mfuko wazi kwa makusudi wahifadhi humo majani makavu, picha au barua. Matumizi mazuri sana kwa kitabu cha kumbukumbu.

Kuhusu kufunguka umesema kweli. Mshono wa ubavuni haulali wazi kamwe, na kitabu kikiwa kinene ndivyo unavyozidi kukaba. Kwa hiyo usiutumie kwa kitabu kinene wala cha kuchorea. Acha pambizo pana upande wa mgongo, na jalada lipigwe mstari wa kupindia karibu na mshono ili lipinde hapo badala ya kuvuta matundu.

Anayetaka kitabu cha kulala wazi ashone mshono wa mnyororo, ule ambao Wakristo wa Misri waliutumia karne za mwanzo na ambao mafundi wa vitabu vya ngozi wa Ethiopia wameuendeleza. Hapo karatasi zinakunjwa kwa vitita, kila kitita karatasi chache zilizoingiliana, matundu yanapigwa kwenye mkunjo wenyewe. Unashona kitita kimoja kimoja: ukitoka nje kwenye tundu, pitisha sindano nyuma ya mshono wa kitita kilichotangulia, kisha rudi ndani kwa tundu lile lile uende linalofuata. Mgongoni inajitokeza misururu kama ya nywele zilizosukwa, na hakuna gundi inayohitajika. Tengeneza kiolezo cha kadibodi chenye alama za matundu ukitumie kwa vitita vyote. Matundu yakipishana hata kidogo, vitita vitapanda na kushuka.

rojo_na_wavu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini hapo kwenye kusaga umekuwa mkali. Karatasi yenyewe ilizaliwa kwenye takataka. Mwaka 105 Cai Lun, ofisa wa ikulu ya utawala wa Han kule Uchina, alimpelekea mfalme njia ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Ulaya nayo iliishi kwa matambara hadi karne ya 19 mbao zilipochukua nafasi. Kusaga kilichochakaa ndiyo asili ya kazi yenyewe. Tena karatasi ya mkono ina uso ambao hakuna mashine inayoutoa. Kingo zake zisizokatwa, vile vipande vya herufi vinavyobaki humo, rangi isiyolingana: mtu anakishika kitabu hicho na anajua kuna mikono iliyokifanya.

Niwaelezee wanaotaka kujaribu. Chana vipande vya sentimita 2 hivi, loweka usiku kucha, twanga kwenye kinu au saga kwa blenda yenye maji mengi na karatasi kidogo. Tengeneza fremu mbili za mbao zenye ukubwa sawa. Moja igongelee wavu wa dirishani uliovutwa ukakaza, nyingine ibaki tupu. Mimina rojo kwenye beseni pana la maji, koroga. Weka fremu tupu juu ya ile yenye wavu, zamisha zikiwa zimesimama, zilaze chini ya maji, inua taratibu zikiwa zimelala. Wakati maji yanatiririka tikisa mbele na nyuma, kushoto na kulia. Huo mtikiso ndio unaosuka nyuzinyuzi. Ukiuacha, karatasi itakuwa na nguvu upande mmoja tu. Ondoa fremu tupu, pindua wavu juu ya kitambaa kibichi, kandamiza, inua. Panga nguo na karatasi kwa zamu, kandamiza rundo lote kati ya mbao mbili, ndipo uanike.

kurasa_safi

Mkuu, nimefurahi umekuja, na hoja ya matambara naipokea kwa moyo wote. Ila tazama tofauti. Matambara ya kitani na katani yana nyuzinyuzi ndefu na imara. Kuyasaga kulikuwa kupandisha hadhi kitu kilichokwisha. Karatasi ya ofisini iliyosagwa inashuka daraja. Ndiyo maana nasema ichambuliwe kwanza. Kwenye fungu la pili nakuunga mkono bila shaka yoyote.

Niongeze machache juu ya maelezo yako. Karatasi haishikiliwi na gundi. Nyuzinyuzi za selulosi zikikaushwa zikiwa zimegusana hushikana zenyewe kwa vifungo vya haidrojeni. Kwa hiyo lile zoezi la kukandamiza kabla ya kuanika si la kutoa maji tu. Linazileta nyuzinyuzi karibu, na ukilifanya nusunusu unapata kitu kinachomeguka kama sponji. Pili, rojo la karatasi za ofisini ulitie vipande vya mifuko ya kaki. Kaki nyingi ngumu hutokana na miti ya jamii ya misonobari yenye nyuzinyuzi ndefu, na hata kiasi kidogo kinaipa karatasi mgongo. Tatu, karatasi mbichi ya mkono inanyonya wino kama kitambaa. Anayetaka kuandikia apake wanga mwembamba uliopikwa, kwa brashi laini, baada ya karatasi kukauka. Ikikauka tena aikandamize chini ya kitu kizito. Nne, maji ya beseni yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumwagwa. Rojo likiganda kwenye bomba la maji machafu ni kazi ya fundi.

Na kwa kuwa karatasi hii ni nene, vitita viwe vya karatasi mbili au tatu tu, kwa mshono wa mnyororo. Ukiweka nyingi, za ndani zitachomoza mbele na kingo zako nzuri zitapotea umbo.

rojo_na_wavu

Hapo kwenye kaki umenifundisha. Kwenye mengine bado sijahama, ila hoja nimeielewa.

jalada_gumu

Mimi nauliza kuhusu majalada. Kadibodi ikishapakwa gundi na kufunikwa nguo, ikikauka inajipinda kama kigae. Tatizo ni kadibodi au gundi?

kurasa_safi

Ni maji. Karatasi au nguo ikilowa kwa gundi inatanuka, ikikauka inasinyaa, na inaposinyaa inaivuta kadibodi upande wake. Usipigane nayo kwa uzito peke yake. Bandika karatasi upande wa ndani pia, nayo itavuta kuelekea huko na nguvu zitalingana. Hakikisha nyuzinyuzi za kadibodi, za karatasi ya nje na za ndani zote zinaenda sambamba na mgongo. Kisha kausha chini ya uzito, ukiwa umeweka karatasi kavu zinazonyonya unyevu pande zote, na uzibadilishe zikilowa. Jalada likishajipinda, linyunyizie ukungu mwepesi wa maji, lirudishe chini ya uzito, mengi hurudi.

Maboksi yenye mawimbi katikati yaweke mawimbi yakielekea juu na chini ya kitabu, sambamba na mgongo. Lakini hayo hubonyea pembeni. Napendelea kubandika maboksi membamba matatu au manne kwa pamoja kuwa bamba moja gumu. Na hili si jambo jipya. Vile vitabu vya mafunjo vilivyofukuliwa karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945 vilikutwa na majalada ya ngozi yaliyojazwa mafunjo chakavu ndani ili yawe magumu: barua, hesabu, karatasi zilizokwisha kazi. Baadhi zilikuwa na tarehe, na wasomi wakazitumia kukadiria kwamba majalada hayo yalitengenezwa karne ya 4. Mafundi wa Ulaya nao walikata kurasa za vitabu vya zamani wakazibandika mgongoni mwa vitabu vipya, na leo kuna maandishi yanayojulikana kwa sababu yalinusurika humo tu. Ndiyo maana nafurahi ninapoona mtu anajaza jalada kwa karatasi zenye maandishi.

Gundi: unga wa ngano sehemu moja, maji sehemu tano, pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito na kung'aa, chuja, ipoe. Inakauka polepole kwa hiyo unapata muda wa kurekebisha, na baadaye inaweza kulainishwa kwa maji mtu akitaka kukarabati. Ubaya wake inachacha baada ya siku chache na wadudu wanaipenda, basi pika kidogo kidogo. Gundi nyeupe ya mbao inashika haraka na haina maji mengi, inafaa mgongoni kwa kuwa hainyauki ikapasuka, ila ikishashika haitoki. Nguo kuukuu kama shati ibandikiwe kwanza karatasi nyembamba nyuma yake, ikauke, ndipo uifunikie kadibodi. Bila hivyo gundi inapenya na kuacha madoa usoni.

ubao_na_chaki

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Ningependa darasa zima litengeneze, lakini msharasi na kisu siwezi kuwapa. Nianzie wapi?

kurasa_safi

Mwalimu, karibu sana. Kwa watoto tumia kitita kimoja na matundu matatu, mshono ambao hauhitaji fundo gumu. Wakunje karatasi nne au tano kwa pamoja, wapige mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Matundu uyatoboe wewe nyumbani: fungua kitita, kilaze juu ya kitabu cha simu cha zamani au rundo la magazeti, toboa katikati ya mkunjo, moja katikati na mengine mawili juu na chini. Sindano ziwe zile butu za kufumia. Waingie kutoka nje kwenye tundu la katikati, watoke la juu, waruke nje hadi la chini, waingie, watoke tena la katikati, kisha wafunge mikia miwili huku ule uzi mrefu wa nje ukiwa katikati yake. Ukiwa katikati ya mikia, uzi wote unabanwa na hautelezi.

Jalada liwe la boksi jembamba, ulikate mapema lizidi kurasa kidogo, lishonwe pamoja na kurasa. Kwa kitita kama hicho maandishi yatabaki upande mmoja wa karatasi, hiyo haikwepeki. Wape karatasi zenye michoro au herufi kubwa, wachore juu yake na kuizungushia hadithi zao. Watoto wadogo wanapenda ukurasa uliokwisha kuwa na kitu kuliko ule mweupe kabisa.

Wakishamaliza, kingo zitakuwa hazilingani. Zikate wewe kwa rula ya chuma na kisu kikali, kwa mikato mingi mepesi, usikandamize. Yale mabaki yaweke kwenye ndoo ya maji, ndiyo somo la wiki inayofuata, na rojo_na_wavu ameshaeleza fremu zinavyotengenezwa.